Mama Aliyenilisha Katoyi

Goma, mtaa wa Katoyi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri, kifua kimetulia na miguu haikuumi sana. Masika, dada yangu, msomee mama polepole, na akianza kulia mwache kwanza. Mimi ni mzima. Msishangae mwandiko huu wa mtoto wa mwaka wa kwanza, nitawaeleza.

Mama, nimefungiwa Goma. Nilikuja kuuza maharagi nikijua nitarudi Butembo juma lile lile, vita vikaingia mjini mimi bado niko kwenye depo. Barabara ya Rutshuru imefungwa, ndege hazitui tena. Wengine wanazunguka kupitia Uganda, kama huyu Kasereka aliyekuletea barua, lakini mpakani wanataka karte ya kitambulisho, na yangu ilipotea. Siku ile ya risasi tulikuwa tunakimbia pale Murara, watu wanasukumana, nikaanguka juu ya yale mawe meusi ya volkano. Nilipotaka kuinuka, mikono yote miwili ilikataa. Ilikuwa imevunjika.

Kwenye kituo cha afya walinifunga plasta kutoka vidole hadi viwiko, wakaniambia niende, sababu wagonjwa walikuwa wanalala hata chini. Niende wapi? Mwenye nyumba nilimopanga alikuwa amefunga mlango na kuvuka mpaka. Nikaketi pale barazani pa kituo, kiu imenishika, kikombe cha maji kiko mbele yangu na siwezi kukiinua. Nililia, Mama, mimi na mvi zangu.

Mama mmoja mzee aliyekuja kutafuta dawa ya homa alinitazama, akainua kile kikombe, akaninywesha bila kuniuliza jina wala kabila. Anaitwa Mama Verediana. Ni mjane wa Rutshuru, luga yake ni Kinyarwanda. Vita vilimfukuza kwao, sasa anauza makala ya kupikia kando ya barabara. Alinichukua hadi Katoyi, kwenye chumba chake cha mbao.

Unajua namna nilivyo. Kwenye shirika letu la kanisa mimi ndiye ninayetoa, sipokei. Basi alipoleta bugali na visamaki vya sambaza, nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma hadi akalisikia.

"Papa, fungua kinywa. Chakula kinapoa."

"Mama, nasikia haya."

"Haya ya nini? Mikono si imevunjika?"

Kisha akaniomba niombee chakula. Nikatafuta yale maneno yangu marefu ya kanisani, halikuja hata moja.

"Sema aksanti tu," akaniambia, "hata kwa luga ya kwenu."

Nikasema: Wasingya. Neno ulilonifundisha hata sijajua kutembea. Halafu nikafungua kinywa.

Bwana wetu alisema tuwe kama watoto wadogo, nami miaka yote niliwaeleza wenzangu kwamba maana yake ni kuwa bila dhambi. Siku hizi sina hakika. Ninachojua ni kwamba mtoto akilishwa anakula, hajifanyi ameshiba.

Mama Verediana hakunionea kinyaa. Alininawisha uso, alinifunga vifungo vya shati, na mambo ya choo alimwita jirani mwanamume anisaidie. Mimi nilikuwa nasema aksanti tu, asubuhi hadi jioni, kwake na kwa Mungu, maana sikuwa na kitu kingine cha kutoa.

Siku moja, mchana, watu wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wanaume. Waliochukuliwa mtaani kwetu, wengi hawajarudi. Kijana mmoja mwenye bunduki akasukuma mlango wetu. Tulikuwa tunakula.

"Huyu ni nani? Karte yake iko wapi?"

Mama Verediana hakuinuka.

"Ni mutoto wangu."

"Mutoto gani iko na mvi?"

"Mutoto wangu. Hauone? Niko namulisha."

Akaleta kijiko cha mboga ya sombe mdomoni mwangu. Nikafungua kinywa, Mama. Nilikula mbele ya bunduki, nikitazama uso wake tu. Yule kijana akacheka, akawaita wenzake waje kuona muzee anayelishwa. Wakacheka wote, wakaenda zao.

Alifunga mlango, akapiga magoti, akasema aksanti. Nikamuuliza anashukuruje, yeye ambaye vijana wake wawili walipotea njiani siku ya kukimbia, na hadi leo hana habari zao.

"Leo kuna mutoto amekula mukononi mwangu," akasema, "na hawakumupeleka."

Mama, usiumie moyo kwamba mwanamke mwingine aliniita mtoto wake.

Plasta imetolewa. Vidole bado ni vigumu, lakini nabeba maji na kupanga makala. Mbali siendi, mtu bila karte haendi mbali. Dunia yangu ni chumba hiki, bomba la maji na kona ya makala. Kuna asubuhi naamka natamani kupiga kelele.

Nilimwambia njia ikifunguka twende wote Butembo, wewe utampokea.

"Watu wa kwetu wanajua niko Katoyi," akasema. "Vijana wangu wakiniulizia, wataletwa hapa. Watakuta nani?"

Basi tuko hapa, mimi nangoja njia, yeye anangoja watoto wake.

Mke wangu Kahindo, barua yake iko ndani ya bahasha hii hii. Nisalimie baba mdogo Kambale, asichoke kunichungia shamba, na wanashirika wote, waambie nawakumbuka. Wewe Mama, ukipiga magoti leo, kabla hujanitaja mimi, mtaje kwanza Verediana, na vijana wake wawili.

Mtoto wako,
Paluku