Alama ya Rangi ya Kucha kwenye Mota

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kisumu. Jumanne, 19 Machi 1996, saa nne na dakika ishirini asubuhi.
Jina: Lornah Anyango Oduor
Umri: Miaka 37
Kazi: Fundi wa umeme, kiwanda cha katoni
Makao: Nyamasaria

Mimi ni mtu mzima wa majina yaliyotajwa hapo juu. Nimeitwa na Konstebo Walubengo nieleze maneno niliyomsikia Bwana Bildad Ndegwa akisema, na ninachojua kuhusu kuharibika kwa mashine ya kukata katoni za samaki. Ndegwa ndiye fundi mkuu wetu. Tumekaa meza moja ya kazi miaka tisa, kwa hivyo msishangae nikimsifu.

Mnamo Ijumaa tarehe 15, saa kumi jioni, meneja wetu, Bwana Shitanda, alimnyima ruhusa ya kwenda Nyeri kumwona binti yake aliyejifungua. Ndegwa akasema, "Sawa tu, Bwana Meneja. Siku moja hii mashine itawashinda." Ni kweli alisema, nilisikia. Lakini huyo mzee akikasirika husema hivyo hata kwa birika likichelewa kuchemka.

Jumamosi tarehe 16, saa tatu asubuhi, tulifungua mota ya mashine hiyo tubadilishe beringi. Nyuma ya mota kuna enkoda, yaani kisahani cha kioo chenye mistari myembamba kuliko unywele. Mwanga hupita kwenye mistari hiyo na kuijulisha mashine mota imezunguka hadi wapi. Enkoda isiporudishwa pale pale ilipokuwa, mashine hudanganyika na mota inaweza kukimbia ovyo. Ndiyo maana kabla ya kuitoa, Ndegwa huchora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye enkoda hadi kwenye shafti, yaani mhimili wa mota. Huchora kwa rangi ya kucha ya mkewe, Mama Waringa, kwa sababu haamini rangi nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Napenda usafi, na Ndegwa hunitania kwamba ipo siku nitasugua mota mpaka iwe sufuria. Siku hiyo nilisugua shafti kwa spiriti, na nilipoinua kitambaa, alama ilikuwa imetoka. Niliona aibu sana. Ndegwa alikuwa stoo akitafuta beringi. Nikachukua chupa ile ile ya rangi, nikachora alama nyingine pale nilipodhani ilikuwa. Ningemwambia, angeitafuta upya kwa vipimo vyake, kazi ya nusu siku, na mimi ningetaniwa hadi Krismasi. Sikumwambia, na enkoda ikarudishwa kwa kufuata alama yangu.

Jumatatu tarehe 18, saa mbili na nusu asubuhi, Ndegwa alitaka kuijaribu mota kwanza bila mkanda unaoendesha kisu. Bwana Shitanda akasema oda inangoja, awashe tu. Akawasha. Mota ilikimbia, kisu kikagonga fremu na kuvunjika. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Ndegwa alizima umeme, akafungua mota, akaangalia alama. Yeye huchora mstari mwembamba, na ule wa kwenye shafti ulikuwa mnene. Aliniangalia. Alitoa leso mfukoni, akaimwagia spiriti, akafuta alama yote. Bwana Shitanda alikuwa amesimama nyuma yake, na ndiyo sababu anasema Ndegwa aliharibu mashine kwa makusudi kisha akaficha ushahidi. Alikuwa ananificha mimi.

Tangu akamatwe jana hajataja jina langu kwa mtu yeyote. Leo saa moja asubuhi nilimletea chai na mkate hapa seli. Akaniambia kwa Kijaluo, ambacho nilimfundisha mwenyewe, "Lornah, dhi dala." Maana yake ni nenda nyumbani. Kisha akasema, "Wewe una watoto shule." Nikamjibu, "Na wewe una mjukuu hujamwona." Akageukia ukuta, nikajua analia.

Nampenda mzee huyu kama ndugu wa tumbo moja, lakini katika hili sikubaliani naye. Naomba aachiliwe leo, apande basi la Nyeri.

Nimesomewa haya yote kwa Kiswahili, nimeyaelewa, na hakuna neno ambalo si langu.

Sahihi: L. A. Oduor

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Walubengo. Kabla ya kutia sahihi, shahidi alionywa kwamba anaweza kushtakiwa yeye badala ya mtuhumiwa. Aliomba kalamu.