Miwani Yako ya Waya, Baba

Baba yangu mpenzi,

Ulizoea kusema kwamba mimi hata mwezi wa Idi nikiuona kwa macho yangu nitataka mashahidi. Sikatai. Na leo nakuandikia kwa sababu ya shaka hiyohiyo.

Wakumbuka siku tuliyokwenda kwa fundi wa miwani kule Bondeni? Nilimshuku tangu mlangoni. Alizisifu mno fremu nene za gamba la kasa, ukazikataa, "Hizo za mabwana wa afisi," ukachagua za waya mwembamba. Kisha akakuonyesha ubao wa herufi za Kizungu usizozijua. Ukacheka, ukatoa msahafu mfukoni. Kila kioo alichokuwekea ulisoma Yasini bila kukwama, na cha tatu ukasema, "Hini yatosha."

Fundi akafurahi. Mimi, niliyesimama nyuma ya bega lako, niliona ukurasa umekwisha nawe ungali wasoma, wala hujafunua. Ulikuwa ukisoma kwa ghibu, kwa kichwa tu! Nilinyamaza, Baba. Mwalimu wa Kurani haaibishwi na bintiye mbele ya watu.

Mwisho wa wiki ileile ikaja barua ya Kaka Salim kutoka vitani Burma, kaiandika kwa herufi za Kiarabu ulizomfunza. Alikuwa ameondoka kwenda jeshini bila idhini yako, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Ukavaa miwani, Mama akasogea karibu. Ukasoma, "Mimi sijambo, nawasalimu nyote." Basi. Karatasi mbili zimejaa wino, salamu moja tu? Ukaikunja, ukaifungia kashani. Nikajiambia: haoni kitu, anatunga. Nikamlaani fundi kimoyomoyo.

Ulipotutoka nilifungua kasha. Salim alikuwa akiomba radhi, yako na ya Mama. Mara nne kaiomba, maana aliogopa kufa bila hiyo. Nilipomsomea Mama alilia, akasema, "Radhi n'shampa tangu alipovuka kizingiti. Mbona hakuna aloniambia?" Nikavaa buibui, nikaichukua miwani yako, nikaenda kumgombeza fundi kwa kumtilia mzee vioo visivyomfaa.

Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Binti, baba yako alirudi kesho yake, peke yake," akasema. "Aliniambia, 'Jana nalisoma kwa ghibu. Leo nitilie vioo vya kuonea.' Tukajaribu kwa gazeti la Kiarabu mpaka akaona hata nukta."

Hata nukta. Kwa hiyo uliona, Baba. Neno radhi uliliona mara zote nne, ukaliruka. Nimekukasirikia, na sijapata kukukasirikia maisha yangu yote. Halafu naitazama barua ile: mikunjo imechakaa hadi kutoboka, nami nimeikunjua mara mbili tu. Ufunguo wa kasha ulikuwa nao wewe tu. Kama ulimsamehe, mbona hukusema? Na kama hukumsamehe, ulikuwa ukiisomea nini peke yako?

Salim yuko njiani kurudi. Ataketi kwenye mkeka wako, ataniuliza, "Baba alisemaje?" Mimi nisiyemwamini mtu nimekwisha kuamua. Nitamwambia macho yako yalikuwa yamekwisha, hukuweza kusoma hata herufi moja. Miwani nimeificha.

Mola akulaze pema. Kwa uongo huo, Baba, nami naomba radhi yako.

Bintiyo mwenye shaka