Santuri ya Mwenye Sanduku na Sauti ya Kifaranga

Chumba cha Pasi,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba, ukue urefuke. Hujambo? Unalala? Unakula umekaa, au unameza tu ukiwa umesimama mlangoni? Kile kikohozi cha siku ile kwenye simu kimekwisha au bado unabweka? Mimi mzima. Goti la kushoto limenuna, la kulia linalicheka, lakini mikono bado inashika pasi, na mwenye mikono hajazeeka. Mama yako hajambo. Ananinyima chumvi kama askari wa zamu.

Anayeandika ni Mama Vifungo, jirani yetu fundi cherehani, maana mimi shule niliipita kwa nje nimebeba ndoo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unaniitikia "eee Bibi" huku unatazama kitu kingine. Barua utaishika kwa mikono miwili.

Furushi lako la santuri mbili limefika! Limeingia Alhamisi, nikiwa na shati la mhudumu wa hoteli mezani. Niliposikia hodi nikakimbia, pasi nikaiacha juu ya mgongo wa shati. Alama imebaki. Kosa ni lako.

Nikaanza na ile ya roki, kwa sababu ile nyingine niliiogopa. Kwa nini, subiri. Kwenye jalada wapo vijana wanne wembamba, nywele hazijaona kitana, wanatazama kama watu waliofukuzwa mezani. Kwa kuwa sisomi, nimewabatiza Wenye Njaa. Nikaiweka. Mara ngruuuu! Nikajua spika imepasuka. Nikazima, nikaifunga gramafoni ndani ya shuka, nikajitwika hadi kwa Fundi Risasi, yule wa redio mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akafungua skrubu zote, akapuliza, akapima nyaya, hakuona ugonjwa. Mwisho akaiweka santuri kwenye mashine yake mwenyewe. Ngruuuu!

"Na yako nayo imekufa," nikamwambia. "Pole sana."

Alicheka mpaka akakalia bisibisi. "Bibi, huo ndio muziki wenyewe! Gitaa wameliungurumisha makusudi."

"Makusudi? Na wazazi wao wapo?"

Haya, cheka nawe. Lakini sasa nisikilize. Wimbo wa tatu, upande wa kwanza! Ngoma inaingia peke yake, kama mtu anayeshuka ngazi na viatu vizito. Gitaa linafuata, msumeno umekutana na msumari. Halafu wote kimya. Kimya kabisa, unasema jamani wamezimia. Kisha wanarudi wote kwa mpigo mmoja, na mimi nywele zinanisimama hata zile zilizokwisha! Nimegundua jambo: roki ni muziki wa shuka. Shuka ni pana, inataka mkono mzima. Mashati ni ya soul, ule muziki wa kubembeleza, kwa sababu kola haitaki papara. Ijumaa nimemaliza shuka ishirini na mbili za nyumba ya wageni kabla ya saa sita. Mama Vifungo naye alishindana na yule mpiga ngoma kwa cherehani, akavunja sindano mbili na kushona mfuko wa suruali juu chini. Amekataa kuliandika hili. Ameliandika.

Sasa ile nyingine.

Santuri ya babu yako unaijua: kwenye jalada mwanamume amekalia sanduku la safari, soksi zake hazifanani. Mwenye Sanduku tumempiga miaka arobaini na moja mpaka amekonda. Siku hizi anakohoa kuliko anavyoimba, ndiyo maana nilikuomba unitafutie nyingine kama ile. Lakini uliposema, "Ikifika mpya, Bibi, hiyo ya zamani itupe," uliniharibia usingizi. Ya zamani ndiyo yenye mahali pa babu yako. Unakumbuka? Upande wa pili, wimbo wa mwisho, mwimbaji anabembeleza weee, halafu santuri inakwaruza, kwaruu, kwaruu, husikii kitu. Hapo babu yako, awe na brashi ya rangi au mswaki mdomoni, anaingiza ile sauti yake nyembamba: "Ii-yuu, ii-yuu!" Mimi nilikuwa nacheka mpaka naweka pasi chini. Kifaranga kimekanyagwa! Nikamwita Kifaranga. Wapaka rangi wenzake wakalidaka jina, mtaa mzima ukalidaka, hata siku ya mazishi mtu alisema Kifaranga ametutoka. Jina hilo nilimpa mimi.

Basi nikawaza: mpya isiyokwaruza ikianza kuimba, yeye atakaa wapi? Nikaificha kabatini katikati ya taulo, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jana alasiri Fundi Risasi akaja kuniletea skrubu yangu moja iliyobaki mfukoni mwake. Mama Vifungo akaingia nyuma yake, hajaalikwa. Wakanisukuma, mmoja huku, mmoja huku, nikaiweka. Upande wa pili. Wimbo wa mwisho. Ilipokaribia pale, nikafumba macho.

Hakukuwa na kwaruu. Kulikuwa na mwanamke!

Mwanamke, mume wangu! Ana sauti nyembamba kama uzi, anamjibu yule wa sanduku: "Ii-yuu, ii-yuu." Vilevile! Hata pumzi anaivuta pale pale alipokuwa akiivuta babu yako. Nilipiga yowe, mwenye duka la vitambaa akaja na mita yake mkononi. Tumerudia mara sita. Miaka yote hiyo yule mtu hakuwa anachekesha. Santuri aliinunua kabla hajanioa, alikuwa anaijua nzima. Alikuwa ananiimbia kipande kilichokosekana.

Fundi Risasi akaichukua ile ya zamani, akaiinamisha penye mwanga wa dirisha, akasema, "Sindano hukwaruza kwa kufuata mzunguko. Huu mkwaruzo umekatiza. Bibi, hapa mtu amesugua kama anasugua sufuria."

Nikakaa chini. Wiki ya pili ya ndoa yetu, kabla sijaisikia hata mara moja, niliona tone la rangi nyeupe kwenye santuri ile, rangi ya kazini kwake. Unanijua na uchafu. Nikachukua waya wa kusugulia masufuria, nikalishughulikia mpaka likatoka, kisha nikamngoja mlangoni nijisifu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Asante, mke wangu. Imeng'aa." Basi. Hakuongeza neno hadi anakufa. Nilimpa jina la kejeli, akaliitikia. Mwanamume mwenye mabega ya kubeba ngazi mbili, akakubali kulia kama kifaranga ili mimi nisijue nilichofanya. Angekuwa hapa ningempiga kofi, halafu ningempikia.

Usianze kulia huko. Mimi silii, nimefurahi hadi goti limesahau kununa! Nimepata mapenzi mapya kutoka kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Wangapi wanapata hayo?

Katika furushi hili nawe nimekutumia soul: mwanamke mnene mwenye pete vidole vyote, anacheka na tarumbeta. Anza na upande wa pili, na dirisha liwe wazi ili majirani wakuonee wivu. Mimi niletee roki nyingine, wenye njaa zaidi kama wapo.

Mama yako anakusalimu. Mjomba wako dereva anasema viatu vyake ulivyoondoka navyo anavihesabu bado ni vyake. Fundi Risasi na Mama Vifungo wanakusalimu. Na huyo mke mwenzangu unayemficha mpe salamu zangu. Akikuoshea santuri kwa waya, nyamaza, jifunze kuimba. Mungu akuweke, akupe masikio mazima na mtu wa kusikiliza naye.

Mpya nitaipiga wakija wageni. Ya zamani sitaitupa ng'o; Mama Vifungo ameishonea mfuko wenye vifungo vinne. Leo asubuhi niliipiga nikiwa peke yangu na kikapu cha mashati. Ilipofika kwaruu, kwaruu, nikanyoosha shingo, nikaingia mwenyewe. Nimekosea sauti, lakini nafasi haikukaa tupu.

Ukinijibu, andika jina langu jipya juu ya bahasha.

Wako akupendaye hata usipopiga simu,

Bibi Kifaranga