Nitakupungia Kutoka Mnarani

3 Machi

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila huku chini kwenye injini ni moto na makelele tu. Nina habari. Tarehe kumi na tisa meli yetu inafunga gati hapo nyumbani kushusha ngano, lakini nahodha kakataa katakata: hakuna kushuka. Miaka minne, halafu nipite mlangoni kwetu nisibishe hodi! Utaweza kuja gatini?

Mwanao

9 Machi

Marahaba, mwanangu. Sijambo, magoti tu ndiyo yamezeeka kabla yangu. Meli ikiwa inashusha, hata sisi wafagizi wa bandari haturuhusiwi gatini. Lakini si unaukumbuka ule mnara wa matofali, uliokuwa ukisukuma maji ya kuendeshea winchi za kupakulia meli enzi za babu yako? Siku hizi wapangaji ni njiwa, na mavi yao nafagia mimi. Mlinzi kakubali kunifungulia. Nitapanda hadi dirisha la juu nikupungie shuka jekundu. Wewe simama sitahani, uvue kofia nikujue.

Mama yako

21 Machi

Shikamoo, mama. Magoti yanaendeleaje? Nimekuona! Nilivua kofia nikapunga mpaka mkono ukafa ganzi. Shuka lilivyokuwa likipepea! Hata mpishi kauliza, "Nani yule?" Nikamwambia, "Mama'ngu yule, bwana!" Sasa moyo umetulia.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, nawe natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Sikufika dirishani. Nilipanda hadi katikati, magoti yakagoma, mbele siendi, nyuma sirudi. Nikakaa kwenye ngazi, shuka mapajani, njiwa wananishangaa. Honi ya meli yenu ikalia, nikajua mnaondoka. Mlinzi ndiye aliyekuja kunishusha, kanishika mkono kama mtoto.

Hata mimi nilitaka kukuandikia kwamba nilipunga. Umeniwahi tu.

Najua hukutoka huko chini. Usinidanganye ili nifurahi, baba. Upweke nimeuzoea, uongo wako bado.

Mama yako

17 Aprili

Shikamoo, mama. Nisamehe. Pampu iliharibika asubuhi ile, tukafungiwa nayo hadi meli ikawa baharini. Nchi kavu sikuiona hata kwa jicho moja.

Lakini ile honi, mama, niliisikia. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa chuma, ukatetemeka mgongoni. Kumbe nawe ulikuwa umekaa unaisikia.

Mwanao