Onja Udongo Kwanza

Mtwara, 9 Februari 1975

Bibi,
Shikamoo. Mimi mzima, sijui goti lako.

Shule zinashindana kuchora na kujenga ghala la makopa ya muhogo. Litajazwa, liachwe kwenye mvua mwezi mzima, ndipo waamuzi walifungue. Wamechagua mchoro wangu! Lakini Mwalimu Yohana anasema wavulana ndio watakaojenga, na Josephu wa darasani kwetu ndiye atakayewaeleza waamuzi mchoro. Wasichana tuchote maji. Ukuta wameukandika kwa udongo wa ufukweni, karibu na bandari. Leo siku ya sita, bado mbichi. Nafikiri nijitoe.

Mjukuu wako,
Somoe

Madimba, 16 Februari 1975

Mke mwenzangu Somoe,
Marahaba. Goti linauma, mdomo hauumi. Anayeandika ni Stefano, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kila neno anataka kulilainisha. Nimemwambia, lainisha uone kama utakunywa uji hapa.

Ujitoe uende wapi? Walipotuhamishia huku mwaka jana walitushusha juani na masufuria yetu. Nyumba zilikandikwa na nani, wavulana?

Na huo udongo mliuonja? Hamkuuonja. Wa pwani una chumvi, unakunywa maji hata ya hewani. Makopa yataota ndevu. Bomoeni! Nendeni Naliendele, mtafute kichuguu, uulambe udongo wake. Ukiwa hauna chumvi, kandika. Mwalimu akikupa ndoo ya maji, ipokee, uijaze udongo.

Bibi yako, dole gumba hilo ni langu

Mtwara, 2 Machi 1975

Bibi,
Shikamoo. Pole na goti.

Tumebomoa. Josephu ndiye aliyetia jembe la kwanza. Niliulamba udongo mbele ya wote, Mwalimu akafoka, "Hapa ni shule, siyo unyago!" Nikamjibu, "Basi onja wewe, Mwalimu." Amelifuta jina langu kwenye orodha ya washindani. Nimekandika hivyo hivyo, na ukuta umekauka. Kesho tunajaza makopa.

Mjukuu wako,
Somoe

Mtwara, 6 Aprili 1975

Bibi,
Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Jana wamefungua maghala. Makopa ya wenzetu yote yalikuwa na ukungu, yetu yalilia kama vigae. Mwamuzi akauliza, mbona ukuta huu haukunywa maji? Josephu akasema, "Muulizeni Somoe, mchoro ni wake, udongo ni wake." Mwalimu akaninong'oneza niseme nimesoma kitabuni. Nikakutaja wewe, Bibi, kwa jina.

Waamuzi wakasema mchoraji hayumo kwenye orodha, kwa hiyo hatupewi ushindi. Sasa Mwalimu anataka niandike barua ya kuomba radhi kwa kuiaibisha shule. Likizo inaanza Ijumaa ya tarehe 18. Niandike?

Mjukuu wako,
Somoe

Madimba, 11 Aprili 1975

Mke mwenzangu,
Marahaba, marahaba tena.

Usiandike. Aombe radhi aliyefuta jina. Stefano hapa ameguna. Mwache agune, aandike.

Barua yako ameisoma kisimani mara mbili, maana ya kwanza vigelegele viliimeza. Makopa yetu yanaoza kila masika. Mwenyekiti wa kijiji anasema tungoje wilaya ilete ramani ya ghala. Nimemwambia mwenye ramani anashuka hapa Ijumaa ijayo. Akasema, "Mtoto wa shule, tena wa kike, aamuru ujenzi wa kijiji?" Wanawake wakamcheka mpaka akavaa kofia yake akaondoka.

Nguzo zimekatwa. Udongo tumeuonja watu kumi na mmoja. Mashimo manne tumechimba, mengine tunangoja utuonyeshe pa kupiga jembe.

Bibi yako