Kipande cha Chikanda Nilichokitupa Jaani

Mpemba, njia ya Tunduma
Wiki ya nne baada ya Pasaka

Dada yangu Edita,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, bado anakataa kulala mchana? Sisi tu wazima, Mungu hajatuacha. Baba Agnesi yuko kwenye madaraja na Wazungu wa barabara, Jumamosi anarudi mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Agnesi sasa anajua Kinamwanga kuliko Kibondei, utamcheka.

Dada, nina jambo. Nimelipiza kisasi, na sijajuta bado. Nakwambia wewe kabla ya padre, maana padre wetu huku anafika mara moja kwa miezi mingi, na wewe huwezi kunipa kitubio.

Unamkumbuka jirani niliyekuandikia habari zake, Nambeye? Huku mwanamume wa ukoo ule ni Simbeye, na mwanamke ni Nambeye, ndivyo wanavyoitana. Ndiye aliyenipa mbegu za maboga tulipofika. Basi, Ijumaa moja ya Kwaresima aliniletea bakuli la bati limefunikwa jani la mgomba. Ndani mna kitu cha kahawia, kimekatwa vipande, kinang'aa kama maini. Akasema, "Chikanda, mama Agnesi. Mle." Kiswahili chake kidogo, na Kinamwanga changu kidogo zaidi. Akacheka, akaenda zake.

Nikabaki nimekodoa macho. Nyama, siku ya Ijumaa, tena Kwaresima! Nikaenda nalo kwa Mama Leya, mke wa karani wa mpakani. Huyu ni mgeni kama mimi, Kiswahili chake safi, na tangu tufike ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwa majirani. Akanusa, akakunja uso. "Usile, shoga. Nyama ya nyani hiyo, wanaisaga na damu. Itupe." Nilimwamini, dada, kwa kuwa alisema kwa lugha ninayoijua. Nikakitupa jaani.

Mila ya huku sikuijua. Chakula cha jirani kikikushinda, mpe mwingine. Ukikitupa, umesema aliyekipika ametia sumu. Na jua halijazama, Mama Leya alikwisha pita nyumba kwa nyumba: "Mgeni ameona uchawi kwenye bakuli la Nambeye. Nendeni jaani mkatazame wenyewe."

Wakaenda, wakaona. Asubuhi kijitoni wanawake wote kimya. Nikadhani wananichukia mimi, kumbe mimi nilikuwa nahurumiwa, eti nimeponea chupuchupu! Aliyekuwa anaungua ni Nambeye. Mama mkwe wake alisema mchawi halali boma moja naye: arudishwe kwao ng'ambo ya mpaka, na watoto wanne wabaki. Mumewe aliomba tu Pasaka ipite kwanza.

Siku chache baadaye Nambeye alisimama mlangoni kwangu na majembe mawili. Hakunisalimu. "Mimi mchawi? Twende." Akanipeleka bondeni penye majimaji, tukachimba viazi vidogo vya porini, kama kidole gumba. Tukavianika. Vilipokauka tukavitwanga, akatia unga wa karanga, pilipili na maji ya majivu, akasonga mpaka jasho likamtoka, akafunika chungu na kuweka makaa juu ya kifuniko. Kilipopoa akakata. Kahawia, kinang'aa kama maini.

"Nyani iko wapi?" akaniuliza. "Nionyeshe mkia."

Nililia, dada. Kisha nikala. Ladha ya karanga na moshi, meno yanazama kama kwenye nyama laini, na hakuna nyama. Akaniuliza nani alinidanganya, nikamtaja. Akaketi chini.

"Huyo? Nilimpa mwaka jana. Alilamba vidole."

Hapo ndipo nilipoiona sumu ilipo. Tangu nianze kuokota maneno ya Kinamwanga kwa Nambeye, nilikuwa simwiti tena Mama Leya aniongelee. Mdomo wake ulikosa kazi, basi akautafutia nyingine. Nambeye akasema, "Yaishe. Wewe mwambie mama mkwe tu." Nikamjibu, "Yataisha nitakapoyamaliza mimi."

Jumatatu ya Pasaka shauri lilisikilizwa kwa jumbe, watu wote wapo. Niliingia na ungo wa chikanda, nikala mbele yao, nikampa mama mkwe. Akatafuna, akachukua kipande cha pili. Nikamgeukia mwenzangu.

"Mama Leya, hiki ni nini?"

"Mimi sijui vyakula vya watu."

"Si uliniambia ni nyani?"

Bibi mmoja akapaza sauti, "Kama nyani ndiye mtamu hivi, kesho tunaingia porini sote!" Wakaangua kicheko. Mama Leya akasema, "Nilikuwa natania tu."

"Watoto wanne wakose mama yao," nikamwambia, "utani huo ni wa ukoo gani?"

Jumbe akaamua. Nambeye hatoki kwa mumewe. Na Mama Leya achimbe chikanda kwa mikono yake mwenyewe, akipike, akipeleke mchana kweupe kwa Nambeye. Nambeye akila, yamekwisha.

Jumamosi iliyopita alikileta, nami niko pale kwa Nambeye. Kucha zake zimejaa udongo, macho chini. Nambeye akapokea bakuli, akanitazama. "Mama Agnesi, nile?"

Moyo wake ulitaka kula, niliuona. Ningesema "kula" mambo yangeisha pale pale. Nikasema, "Kitupe jaani."

Akakitupa. Tangu siku ile hakuna bakuli linaloingia kwa Mama Leya wala linalotoka. Anateka maji peke yake wenzake wakishaondoka. Namwona akipita na mtungi, na mimi nashiba, dada, nashiba kama niliyetoka karamuni. Nambeye anaimba kwake na wanawe wanne, na hanilaumu, ila chikanda hajaniletea tena.

Msalimie mama, umshikie miguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji fundi seremala, na kaka yetu mpiga kengele, na shangazi aliyenifundisha kusoma. Hayo ya kisasi usimsomee mama. Barua hii anaichukua dereva wa lori hadi Mbeya.

Jana tulisali nyumbani, tukafika kwenye "kama sisi tunavyowasamehe", nikafumba mdomo, nikasubiri wenzangu wapite, nikaendelea na sehemu iliyofuata. Leo asubuhi vilevile. Niombee, dada yangu. Lakini usiombe kwa haraka.

Ndimi mdogo wako,
Mama Agnesi