Bibi, Hamisi Amekuwa Mwenyekiti

Bibi,

Hamisi wako sasa ni mwenyekiti wa mtaa. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni, na lisipotoka siwezi kukuandikia jingine. Ana muhuri. Ana kiti cha plastiki chenye mikono. Anapita mtaani kwetu Buzebazeba mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride, na watu wanamwamkia. Ungekuwepo ungefurahi, najua. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ulinichukua mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka sita, ukanilea kama uliyemzaa. Baada ya swala ya alasiri hukuinuka kwenye mkeka mpaka umetuombea wote kwa majina, watoto na wajukuu, hata wale wa Dar es Salaam wasiokupigia simu. Ulianza na Hamisi. Kila siku Hamisi kwanza. Nikipika samaki, wale kuhe wa ziwani, kichwa unakitenga: "Acha, mjomba wako anakipenda." Kichwa kinalala, kinaamka, mwisho nakila mimi. Vichwa vyote vya mjomba nimevila mimi, Bibi. Sikuwahi kukuambia.

Kisha ukapooza upande mmoja. Miezi saba nilikugeuza, nikakuosha, nikakuletea mchanga wa kutayamamu, ukaswali kwa kope za macho. Hamisi mwanao yuko Katonga, anauza nyavu. Bodaboda moja tu, unafika. Katika miezi saba alikuja mara mbili, na mara ya pili hakuvua viatu.

Mama Zaituni, jirani yetu, alipokuja kukujulia hali, akauliza, "Hamisi yuko wapi siku hizi?" Nawe, kwa ule mdomo uliopinda, ukajibu, "Huja kila alfajiri. Mnapishana."

Nilikuwa nimesimama hapo na beseni mkononi. Wewe! Wewe uliyenirudisha dukani kwenye jua kali kwa sababu muuzaji alizidisha kiberiti kimoja. Nilikutazama, ukafumba macho. Mama Zaituni alipoondoka ukaniambia, "Ni mwanangu, Asha. Wakimdharau yeye, wananidharau mimi."

Nikaenda kumwaga maji ya beseni. Na kila aliyekuja ukamjibu hivyo hivyo.

Siku yako ya mwisho nilimpigia Hamisi simu mara tatu tangu asubuhi. Ya tatu akasema, "Nina wateja, nitakuja jioni." Ulikata roho kabla ya alasiri, kichwa chako pajani kwangu, nikikusomea shahada, nikikosea maneno kwa kulia. Alikuja kesho yake, mazikoni, amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani. Kaburini akagaagaa mpaka wanaume wanne wakamshika. Mtu aliyeshindwa kuja kukugeuza ubavu! Wanawake waliokuwa nami nyumbani waliposimuliwa wakasema, maskini, alimpenda sana mama yake.

Haukupita mwaka akagombea. Akafunga spika kwenye bajaji, ikazunguka mitaani: "Mchagueni mtoto wa Bi Tausi! Mtoto wa Bi Tausi!" Hakuwa na jambo lake mwenyewe hata moja la kutangaza, ndiyo maana akakutangaza wewe. Kisha akanijia na sukari, mara ya kwanza kuniletea kitu.

"Mwanangu," akasema, "mkutanoni usimame, useme nilivyomuuguza mama. Maneno mawili tu."

Nilikubali upesi mpaka akacheka.

Mkutano ulijaa. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Bibi yangu aliugua miezi saba. Mjomba alikuja mara mbili. Siku ya kufa kwake nilimpigia simu, akasema ana wateja."

Hamisi alitazama viatu vyake, uso umemshuka, na mimi, Mungu anisamehe, niliona raha kama niliyekunywa maji baridi.

Ndipo Mama Zaituni akainuka. Hakuwa na ubaya, Bibi. Alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi nilikuwa naingia mle ndani. Bi Tausi mwenyewe, kwa kinywa chake, aliniambia Hamisi anakuja kila alfajiri. Na wengine hapa aliwaambia. Mama yule alikuwa hasemi uongo. Au unataka kutuambia marehemu alikuwa mwongo?"

Watu wote wakanigeukia. Neno moja lilitosha: ndiyo. Nilikuwa nalo ulimini. Nikawaona wale kina mama uliowafundisha kusoma Kurani, wamekaa mstari mzima, wananingoja.

"Labda nilikuwa nimelala," nikasema.

Nikarudisha kipaza sauti. Hamisi akaja kunikumbatia mbele ya watu, ananuka marashi, akaniambia sikioni, "Ahsante, mama." Akashinda. Hawakumchagua yeye, walikuchagua wewe, na uongo wako pekee katika maisha yako yote ndio uliomkalisha kwenye kile kiti. Simheshimu, Bibi. Sina hata hasira naye. Ni mtu mdogo aliyevaa jina kubwa la mama yake. Hasira niliyonayo ni juu yako wewe, na inanitoa machozi kwa sababu bado nikimaliza alasiri nakutaja wewe kwanza.

Wiki ijayo nahitaji barua ya mtaa. Nitakwenda, nitamwamkia shikamoo kama ulivyonifunza, nitangoja muhuri, nitaondoka bila kukaa.

Pumzika, Bibi. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi jina lako sitalichafua mbele ya mtu yeyote, hata nikiulizwa tena. Ila uongo wa namna hiyo unaishia kwangu. Wanangu nitawapenda kama ulivyotupenda, na nitawaombea wote. Lakini nikiugua, asiyekuja nitasema hakuja.

Mjukuu wako,
Asha